Nani agombee umeya wa Arusha? Anzeni na udiwani

Swali

Shikamoo mzee. Mimi nauza ndizi na parachichi soko la Kilombero, naishi Sombetini. Kikundi chetu cha akina mama kinaendelea kulipa mkopo tuliopewa na halmashauri, ule wa asilimia kumi. Tumekaa tukasema uchaguzi ujao Arusha ipate meya anayejua shida za soko. Yanazunguka majina matatu. Kuna bwana mmoja mwenye mabasi, nyumba yake iko Usa River, akisikia msiba wowote anakuja na gunia la mchele. Kuna mwalimu mkuu mstaafu, jirani yetu hapa hapa Sombetini. Na kuna diwani wetu wa sasa, ambaye anasema safari hii naye anautaka umeya. Tumpigie debe yupi? Na je, tutoe fedha za kikundi kumchukulia fomu?

Jibu

Marahaba, mama.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Katika hao watatu ningemshawishi mwalimu achukue fomu, lakini fomu ya udiwani wa Sombetini. Diwani wenu wa sasa nisingemtupa kabla ya kusoma kazi aliyoifanya ndani ya baraza, na nitakuonyesha pa kuisoma. Mwenye mabasi nisingempeleka, na sababu zangu hazigusi ukarimu wake. Fedha za kikundi zisiguswe.

Umeuliza umeya nami nakujibu udiwani kwa sababu siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Arusha hupewa karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya hakuna. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, ambayo watu wa halmashauri huiita Sura 288, meya huchaguliwa na madiwani wenyewe, kutoka miongoni mwao, baada ya uchaguzi mkuu kwisha. Jiji la Arusha lina kata 25, kwa hiyo madiwani 25 wa kata. Ongeza madiwani wanawake wa viti maalumu, ongeza mbunge, unapata watu wasiofika arobaini. Sensa ya 2022 ilikuta jiji hili lina wakazi zaidi ya laki sita. Laki sita hizo hazimchagui meya. Zinawachagua watu watakaomchagua.

Nadhani mkanganyiko huu unatoka jirani. Sisi wa Arusha tunatazama runinga za Nairobi, na wenzetu tangu 2013 wanamchagua gavana wa kaunti kwa kura ya moja kwa moja, anazunguka na msafara, anaahidi, watu wanampa au wanamnyima. Huku kwetu mtu anayezunguka sokoni akisema "nipeni umeya" anaomba kitu ambacho ninyi hamna mkononi. Mlicho nacho ni kiti kimoja kati ya 25, kile cha Sombetini. Hicho kiti mkikitumia vizuri kinafika mbali.

Kuna mlango mwingine kabla ya huo. Diwani lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Suala la mgombea binafsi Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ilimpa ushindi dhidi ya serikali. Sheria ya kuruhusu jambo hilo haijaja. Kwa hiyo mwalimu wenu, hata kata nzima ikimpenda, bila kadi ya chama na bila jina lake kupita katika uteuzi wa chama, hatakuwa kwenye karatasi ya kura.

Hapo ndipo wananchi wengi wanapokosea hesabu ya muda. Wanangoja kampeni zianze ndipo waulizane nani anafaa. Wakati huo kura za maoni za ndani ya chama zimeshapita, vikao vya chama vimeshachuja, majina yamesharudi. Baada ya uchaguzi mkuu, chama chenye madiwani wengi huwa na watia nia wake wa umeya. Vikao vya juu huchuja tena, madiwani wa chama hicho hupigiana kura ndani, kisha jina moja hupelekwa barazani. Penye chama kimoja kilichoshika karibu viti vyote, kura ile ya ndani ndiyo uchaguzi wenyewe, na kikao cha baraza kinabaki kuwa cha kukamilisha. Kwa hiyo mkitaka kusikika, semeni mapema, semeni na wanachama wenye kura katika tawi na kata, na semeni jina la diwani.

Msione kura za ndani ya baraza ni jambo dogo. Arusha inalijua hilo kwa uchungu. Desemba 2010 uchaguzi wa meya hapa uligombaniwa, na moyo wa ugomvi ulikuwa nani ana haki ya kupiga kura katika kikao kile, akiwamo mbunge wa viti maalumu aliyetajwa kuwa wa mkoa mwingine. Tarehe 5 Januari 2011 maandamano yaliyotokana na ugomvi huo yaliishia kwa risasi, na watu walipoteza maisha. Sikumbushi haya ili kumpa haki au lawama mwenye chama hiki au kile. Nakumbusha kwamba akidi, orodha ya wajumbe na uhalali wa kila kura ni mambo yaliyogharimu roho za watu katika mji huu, na meya tunayemtaka awe mtu anayeyaheshimu hata yanapomzuia yeye mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana kumchagua mtu bila kujua kazi ni kubahatisha.

Meya ni mwenyekiti. Anaongoza Baraza la Madiwani, na anaongoza Kamati ya Fedha na Uongozi. Hasaini hundi, haajiri, hahamishi mtendaji wa kata, hatoi zabuni. Mtendaji mkuu ni mkurugenzi wa jiji, anayeteuliwa na rais, na huyo ndiye katibu wa baraza. Mtu mwenye tamaa ya kuamrisha akivaa lile joho na mkufu huumia haraka: ama anagombana na mkurugenzi mwaka wa kwanza na kazi zinasimama, ama anakubali kuwa mpambe wake. Nimekaa upande wa sekretarieti ya vikao vya halmashauri sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, nimewaona wa aina zote mbili. Wachache waliofanikiwa walikuwa wale waliojua kwamba nguvu ya mwenyekiti iko katika kuuliza swali kwa maandishi, kulipa tarehe, na kulirudia tarehe hiyo ikifika.

Ndiyo maana nasema ahadi za barabara zisiwachukue akili. Barabara za mitaani tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. Maji ni ya AUWSA, umeme ni wa TANESCO. Kodi ya majengo tangu 2021 mnakatwa mnaponunua umeme wa LUKU. Uwanja mpya wa mpira wa Olmoti, unaojengwa kwa ajili ya fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, ni mradi wa serikali kuu. Meya anaweza kulalamikia yote hayo, kuwaita wahusika wajieleze, kufuatilia. Kuyatekeleza siyo kazi yake, na mtia nia anayeahidi lami ya kata nzima ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anawadanganya.

Lakini tazama soko lako. Ushuru wa meza, ugawaji wa vizimba, uzoaji wa taka, vyoo, taa, mtu anayekuja asubuhi na mashine ya POS ya kukatia ushuru, sheria ndogo zinazosema machinga apange wapi: yote hayo yako chini ya halmashauri. Kila mwezi Kamati ya Fedha huletewa taarifa ya mapato na matumizi. Humo soko la Kilombero lina mstari wake. Mwenyekiti anayetaka kujua atauliza limekusanya kiasi gani, kiasi gani kimefika benki, kiasi gani kimetumika kabla ya kufika benki (ndizo zile wanaziita fedha mbichi, ugonjwa wa kudumu wa halmashauri zetu), na kati ya kilichokusanywa ni shilingi ngapi zimerudi sokoni kuziba paa au kuzibua mtaro. Mkopo wenu wa asilimia kumi nao unatoka hapo hapo: ni sehemu ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mapato yakivuja, mkopo wa kikundi kinachofuata unapungua. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya udhaifu katika utoaji na urejeshaji, na vikundi vilikaa muda bila kitu kabla haijarudishwa. Meya anayefuatilia marejesho kwa haki, bila kulinda vikundi hewa vya marafiki, anawafaa ninyi kuliko anayewanunulia sare za khanga.

Kwa hiyo shida zenu za soko ziko ndani kabisa ya eneo ambalo meya ana kauli nalo. Mmeuliza swali sahihi. Mtu wa kuzibeba ndiye tunayemtafuta.

Mwenye mabasi. Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Mgombea udiwani awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kipato halali, adhaminiwe na chama, na awe na makazi ya kawaida katika eneo la halmashauri hiyo. Usa River ni Halmashauri ya Meru. Mtu analala kule, familia iko kule, biashara yake ndiyo iko mjini. Anaweza kupanga chumba Ngarenaro na kuandika anwani, wapo wanaofanya hivyo, lakini anayeanza kwa kutengeneza makazi ya karatasi ameshawaambia jinsi atakavyosoma sheria nyingine. Kama kweli anataka kuhudumia watu, wenzake wa Usa River wanamhitaji katika baraza lao.

Sababu ya pili ni mabasi yenyewe. Halmashauri ndiyo inayosimamia stendi: ushuru wa basi kuingia, nani anapata ofisi ya tiketi wapi, stendi ihamie upande gani wa mji. Wa Moshi wanajua jinsi stendi moja tu, ile ya Ngangamfumuni, inavyoweza kula mijadala ya baraza mwaka baada ya mwaka mradi ukisimama. Diwani mwenye maslahi katika hoja anatakiwa kuyatamka na kukaa pembeni hoja hiyo inapojadiliwa. Diwani wa kawaida akitoka nje nusu saa, kikao kinaendelea. Mwenyekiti akilazimika kuachia kiti kila stendi inapotajwa, na stendi inatajwa karibu kila kikao, mmechagua mwenyekiti wa nusu kikao. Asipotoka, mmechagua kitu kibaya zaidi. Simtuhumu huyo bwana kwa lolote. Nasema kiti hiki na biashara hiyo havikai pamoja.

Na gunia la mchele? Ukarimu wa msibani ni utu, apokelewe kwa shukrani. Ila mjue historia yake katika siasa zetu. Kulikuwa na vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, mgombea akaribishe watu kwa chakula na vinywaji kwa jina la ukarimu wa Kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta, ikisema vinakiuka katiba, kwa sababu mwenye nacho alikuwa anamshinda asiye nacho kabla ya kura kupigwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kinachonisumbua mimi ni kidogo zaidi ya sheria: mtu aliyezoea kupendwa kwa kutoa hupata shida sana siku ya kukataa, na kazi ya meya nusu yake ni kukataa. Kumkatalia diwani mwenzako safari ya mafunzo isiyo na bajeti. Kumkatalia rafiki kibali cha kujenga juu ya mtaro.

Kuna watu wataniambia meya bila fedha zake hawezi kusimama. Wapite Kaloleni, wausome ubao wa uwanja wa mpira. Sheikh Amri Abeid, ambaye uwanja ule umepewa jina lake, ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, mwaka 1960. Alikuwa mwanazuoni wa dini na mshairi aliyeijua sanaa ya Kiswahili hadi kanuni zake. Kilichompandisha kilikuwa elimu na kauli.

Diwani wenu wa sasa. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu hupima kwa macho. Tunasema diwani huyu haonekani, au anaonekana sana. Kuonekana hakutuambii kitu. Kazi ya diwani imeandikwa. Vikao vya kawaida vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Hufanyika kila robo mwaka, unaingia, unakaa nyuma, unasikiliza. Mihtasari ya vikao vilivyopita ni kumbukumbu ya umma. Andikeni barua kwa mkurugenzi kupitia mtendaji wa kata, mkitaja kikao mnachokitaka. Mkijibiwa "njoo kesho", nakala ya barua ile pelekeni kwa diwani mwenyewe. Atakavyoishughulikia ni sehemu ya mtihani wake.

Mkipata muhtasari, msianze na hotuba ya ufunguzi. Nendeni kwenye ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita. Pale ndipo ukweli unapokaa. Katika halmashauri moja niliyofanya kazi, ambayo siitaji, kulikuwa na diwani aliyekuwa akizungumza vizuri kuliko wote, wanahabari wakimfuata mpaka kwenye gari. Ukifungua yatokanayo, hoja zake zilikuwa zinaulizwa mara moja na kufa. Kikao kilichofuata hakumbuki aliuliza nini. Pembeni yake alikaa mama mmoja asiyependa kipaza sauti. Alikuwa na hoja moja ya choo cha shule, ikaonekana kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu, kila mara na neno "utekelezaji unaendelea", naye kila mara akisema iendelee kubaki kwenye muhtasari mpaka aone choo. Choo kilijengwa. Angekuwa meya wangu.

Basi mtazameni diwani wenu hivyo. Hoja zake zinarudi? Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ndiye katibu, vikao vinakaa kwa wakati au vinakaa akiwapo mgeni tu? Amewahi kusoma taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano wa mtaa bila kusukumwa? Na hili ni la muhimu kwa mtu anayetaka umeya: anapoongoza kikao na mtu akampinga, anafanya nini? Anamwacha amalize? Anayezima mikrofoni ya mpinzani kwenye kata atazima ya madiwani wenzake kwenye jiji. Kama amekuwa naibu meya au mwenyekiti wa mojawapo ya kamati za kudumu, mipango miji au uchumi, mna bahati, kuna kitu cha kupima. Naibu meya huchaguliwa kila mwaka, na kwa maoni yangu madiwani wangelitumia nafasi hiyo kumjaribu mtu vizuri zaidi, wakaacha kuizungusha kama zawadi.

Akipita mitihani hiyo, nabadilisha jibu langu la mwanzo bila aibu: mrudisheni, na semeni wazi kwa madiwani wa kata nyingine kwa nini mnamwona anafaa kukalia kiti. Naye ana kitu ambacho mwalimu hana, anawajua wapiga kura wake halisi, wale wasiofika arobaini.

Mwalimu. Nimemweka mbele kwa sababu ya mambo mawili uliyoyasema bila kujua umeyasema. Alikuwa mwalimu mkuu, maana yake ameshakaa na kamati ya shule yenye wazazi wenye hasira, ameshasimamia fedha za ruzuku, ameshakaguliwa. Ameongoza vikao ambavyo hakuwa na uwezo wa kumfukuza mjumbe. Na ni jirani, anaishi ndani ya kata. Muulizeni wakaguzi walimwachia hoja gani na alizijibu vipi. Mwalimu mkuu aliyewahi kukaguliwa atawaeleza kwa utulivu, na akikasirika kwa swali hilo mtakuwa mmejifunza jambo.

Udhaifu wake upo. Kama hajawahi kuwa mwanachama hai, chama chochote atakachokwenda atakuwa mgeni, na wageni hukatwa mapema. Kwa hiyo kazi inaanza sasa, ya kuhudhuria vikao vya tawi, kulipia kadi, kujulikana. Halafu msimpeleke mkimdanganya kwamba anakwenda kuwa meya. Diwani wa mara ya kwanza kupewa umeya hutokea, lakini ni kumtupa mtu kwenye maji ya kina. Makabrasha ya kikao kimoja cha baraza yanaweza kuwa mazito kama tofali, yamejaa vifungu vya bajeti na hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa kwanza mtu anajifunza kusoma tu. Bora aingie, apewe kamati, madiwani wamwone anavyofanya kazi, umeya uje awamu ya pili. Miaka mitano siyo mingi kwa jambo hili.

Na mkumbuke kata moja ina kiti kimoja. Mkimsimamisha mwalimu, mnamwondoa diwani wa sasa. Hamwezi kuwapata wote wawili wakashindania umeya huko mbele. Ndiyo maana nasisitiza msome mihtasari kwanza. Uamuzi wenu halisi ni kati ya hao wawili, na unafanyika kwenye kura za maoni za Sombetini.

Jambo jingine, kwa kuwa litakuja. Mtu asiwatishe kwamba meya akishakaa hawezi kuguswa. Madiwani wanaweza kumwondoa kwa azimio la theluthi mbili ya wajumbe, baada ya tuhuma kuandikwa na yeye kupewa nafasi ya kujibu. Januari 2020 baraza la Jiji la Dar es Salaam lilipiga kura ya kumwondoa Meya Isaya Mwita, na ubishi mkubwa ukawa kama theluthi mbili ilifikiwa. Mwaka 2022 madiwani wa Manispaa ya Moshi walimwondoa meya wao, na wote wawili, yeye na waliomwondoa, walikuwa wa chama kimoja. Mimi nayasoma matukio hayo kwa hadhari. Kuna meya anayestahili kuondolewa, na kuna meya anayeondolewa kwa sababu amezuia posho. Ukiwa na diwani mwenye msimamo, kura yake siku hiyo inahesabika kuliko siku ya kumchagua meya.

Hizi kura za watu wachache zina hatari yake iliyo wazi: watu wachache wananunulika kwa bei ndogo. Kura arobaini ni bahasha arobaini. Mkisikia madiwani wamepelekwa hoteli ya mbali siku mbili kabla ya uchaguzi wa meya na simu zao hazipatikani, ulizeni nani amelipia. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana ofisi mkoani na wilayani, na taarifa mnaweza kuitoa bila kujitaja. Kabla ya hapo, mkiwa bado mnamhoji mtia nia wenu wa udiwani, mwambieni awaahidi mbele ya watu kwamba atawaeleza alimpigia nani kura ya umeya na kwa nini. Kura ni ya siri, hamwezi kumlazimisha. Lakini aliyekubali kuulizwa hadharani atafikiri mara mbili kabla ya kupokea bahasha.

Nimalizie na fedha za kikundi. Mkopo wa halmashauri mmepewa kwa mkataba, kwa ajili ya mradi mlioandika kwenye andiko lenu. Kutoa hata elfu kumi ya fomu ya mgombea kutoka humo ni kuvunja mkataba, na siku ya ukaguzi mhazini wenu ndiye atakayesimama kujibu. Pia mtakuwa mmefunga kikundi kwenye mtu mmoja; akishindwa, aliyeshinda atawajua. Hisa na akiba za wanachama nazo ziacheni, maana humo wamo akina mama wenye chama kingine na mgombea mwingine, na ni haki yao. Anayetaka kumsaidia mwalimu amsaidie kwa fedha yake ya mfukoni, kiasi kiandikwe, apewe stakabadhi, na yeye mwalimu akitunze hicho kitabu tangu siku ya kwanza kwa sababu sheria ya gharama za uchaguzi itamtaka aeleze alichopokea na alichotumia. Mkutano wa kikundi wa kujadili wagombea fanyeni siku nyingine, mahali pengine, nje ya kikao cha marejesho, na muhtasari wake usiingie kwenye kitabu cha kikundi.